Inanuka au Inanukia? Kutambua na Kurekebisha Makosa ya Kutaja Harufu kwa Kiingereza

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya Kiingereza yanayoandikwa na watu waliolelewa kwa Kiswahili: maelezo ya nyumba za wageni, orodha za vyakula, barua za malalamiko, vipeperushi vya matembezi ya mashamba ya viungo huko Unguja. Katika maandishi hayo sijaona mahali ambapo mwandishi hodari hujikwaa kama pale anapofika kwenye harufu. Mtu ameandika kurasa tatu bila kosa, anafika kwenye karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, anaandika kwamba shamba zima "smells", na msomaji aliyeko London anaelewa kwamba shamba zima linanuka.

Chanzo kikuu kiko ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi hukumu ya harufu tunaiweka katika kitenzi: kinachopendeza kinanukia, kinachochukiza kinanuka, na irabu moja tu ndiyo inayotenganisha sifa na tusi. Kiingereza hakina jozi hiyo. Kina kitenzi "smell" ambacho kinabeba kazi ya kutoa harufu, kazi ya kuisikia, na kazi ya kunusa kwa makusudi, ilhali uzuri au ubaya wa harufu huonyeshwa kwingine, ama katika kivumishi kinachofuata, ama katika nomino iliyochaguliwa. Kwa hiyo unapokutana na sentensi yenye kasoro, usikimbilie kamusi kutafuta neno la kifahari zaidi. Jiulize kwanza kama harufu hiyo unaisifu, unailaumu au unaitaja tu. Kisha uliza inatoka kwenye kitu gani. Mwisho uliza atakayesoma ni nani. Makosa mengi nitakayoyaeleza yanatokea kwa sababu mojawapo ya maswali hayo limerukwa.

Dalili: msomaji anacheka au anakunja uso kwa sababu ya kitenzi

Kosa linalosikika zaidi katika mazungumzo ni "I hear a bad smell." Kusikia kwetu ni kwa mwili mzima, kwani tunasikia sauti, njaa, baridi, maumivu na harufu, lakini "hear" ni la masikio peke yake. Sema "I can smell something bad." Neno "can" hapo halijisifii uwezo wa pua yako, ndivyo Kiingereza kinavyoeleza hisia inayokujia wakati huohuo. Ukisema "I am smelling the milk", umesema kwamba umeinama juu ya sufuria na unayanusa maziwa kwa makusudi, na sentensi hiyo ni sahihi endapo ndivyo unavyofanya.

Kosa la pili ni gumu kuligundua kwa sababu maneno yote yamo isipokuwa moja dogo. Kiswahili kinaruhusu nguo kunuka moshi na mikono kunuka vitunguu bila neno lolote katikati, hivyo mwandishi anaandika "My clothes smell smoke." Kwa Kiingereza nguo hizo zimepata pua, nazo ndizo zinazousikia moshi. Kinachokosekana ni "of": "My clothes smell of smoke." Palepale linazuka swali la lini kutumia "of" na lini kutumia "like". Ukisema chai "smells of cardamom", hiliki imetiwa humo. Ukisema kahawa "smells like jasmine", hakuna aliyetia asumini kwenye kahawa, ila pua imekumbuka asumini. Wamarekani huulegeza mpaka huu na kutumia "like" hata pale kitu chenyewe kipo, lakini anayejifunza akiushika atakuwa salama kote.

Kosa la tatu linatokana na neno "vizuri". Tunasema chakula kinanukia vizuri, na "vizuri" ni kielezi, kwa hiyo mwandishi makini anatafuta kielezi cha Kiingereza na kuandika "The food smells well." Lakini "smell" yenye maana ya kutoa harufu hufuatwa na kivumishi, kama ilivyo kwa "look" na "taste": "smells good", "smells lovely", "smells delicious". Anayesema chakula "smells well" anakisifia chakula kwa kuwa na pua nzuri.

Kosa la nne ndilo linalovunja urafiki. Mwanamke amejifukiza udi, nguo zake zinanukia mpaka ukumbini, na mwenzake anataka kumsifu kwa neno moja kama tunavyofanya sisi: unanukia! Akisema "You smell", amemtukana. Kitenzi hiki kikiachwa peke yake bila kivumishi, Kiingereza hukisoma kwa upande mbaya, na ndiyo sababu kivumishi "smelly" nacho hakina maana nzuri hata siku moja. Sema "You smell wonderful." Nasikia mara nyingi Nairobi na Dar es Salaam watu wakisema "You are smelling nice", kauli hiyo inaeleweka na haimuudhi mtu, ila katika maandishi rasmi iandike kwa wakati wa kawaida. Kuhusu wakati uliopita, Waingereza huandika "smelt" au "smelled", Wamarekani huandika "smelled". Chagua moja na usichanganye katika ukurasa mmoja.

Dalili: sarufi haina kosa, lakini sentensi inaleta picha isiyotakiwa

Hapa kosa huwa katika nomino. Wengi wamefundishwa kwamba "smell", "scent", "aroma", "fragrance" na "odour" ni visawe, kisha wakashauriwa kuvibadilishabadilisha ili kuepuka kurudia neno. Ushauri huo ufaao kwa insha za shule ndio unaozaa vichekesho vingi, kwa sababu kila neno kati ya hayo lina makazi yake.

"Aroma" hukaa jikoni na mezani: kahawa, pilau, mkate unaookwa, mdalasini. Ni sifa, na humfanya msomaji afikirie kula au kunywa. Nyumba moja ya wageni ilitangaza bafu lenye "a pleasant aroma", na msomaji hana budi kujiuliza kinapikwa nini humo. "Fragrance" ni ya maua, manukato, sabuni na mafuta ya mwili. Mishikaki haina "fragrance" hata iwe mitamu kiasi gani, ingawa kivumishi "fragrant" kina uhuru zaidi na mchele wa basmati huitwa hivyo bila tatizo. "Scent" ni nyepesi zaidi, harufu inayopita na upepo, ya mlangilangi jioni au ya nguo ya mtu unayemkumbuka. Ni pia harufu ambayo mbwa wa polisi huifuata. Herufi "c" ndani yake haitamkwi, kwa hiyo kwa sikio hailingani na chochote isipokuwa "sent" na "cent", jambo la kuzingatia kama maelezo yako yatasomwa kwa sauti.

"Odour", ambayo Wamarekani huiandika "odor", ndiyo inayowaangusha waandishi wanaopenda urasmi. Ni neno la maabara, la maji taka, la kwapa na la ripoti za afya. Mwenye duka aliyeandika "the odour of our spices" alidhani ameipandisha hadhi karafuu yake, kumbe ameiweka karibu na mfereji. Hata hivyo kiambishi kikiongezwa na kupata "odourless", ubaya huondoka na neno linabaki la kisayansi tu.

Na "smell" yenyewe? Ndiyo nomino ya kawaida, na ukiwa na shaka itumie, mradi useme ni ya nini: "the smell of fresh bread", "the smell of the sea". Mtego wake ni uleule wa kitenzi. Mgeni akikuambia "There's a smell in the bathroom", hasemi kwamba ameshukuru. Ameshalalamika, tena kwa adabu, na anasubiri uchukue hatua.

Kuna fani moja ambapo mpaka huu huchorwa upya kabisa. Waonjaji wa kahawa, wakiwemo wa Moshi na Nairobi, huita "fragrance" harufu ya kahawa iliyosagwa ikiwa bado kavu, na "aroma" harufu ya kahawa hiyohiyo baada ya kumwagiwa maji ya moto. Mfasiri anayebadilisha moja kwa nyingine ili kupamba sentensi ameharibu taarifa ya kitaalamu.

Dalili: kila harufu isiyopendeza imeitwa "bad smell"

Kosa hili halichekeshi wala haliudhi, lakini linapoteza maana, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa kupewa muda mrefu zaidi. Kiswahili kina uvundo, shombo, vumba, kikwapa. Kina kuvunda, kuoza na kuchacha. Msemaji wake si maskini wa fikra anapofika upande wa pili, ila hajui kwamba Kiingereza kimepanga maneno yake kwa kuangalia kitu kimeharibika kwa njia gani. Usiulize harufu ni mbaya kiasi gani. Uliza kitu kilichoharibika ni mafuta, maziwa, nyama, nguo au hewa.

Mafuta yakikaa sana hukutana na oksijeni na kubadilika, na harufu yake huitwa "rancid". Neno hilo ndilo la samli ya zamani, karanga zilizokaa, unga wa nazi uliosahauliwa kabatini, na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya wiki iliyopita. Halifai kwa matunda wala kwa maji. Maziwa yana maneno mawili yanayopaswa kutenganishwa, hasa na sisi tunaokunywa mtindi: "sour" yaweza kuwa sifa ya kawaida ya maziwa yaliyogandishwa kwa makusudi, lakini Mwingereza akisema maziwa "has gone off" au "smells off", maziwa hayo ni ya kumwaga. Kwenye orodha ya vyakula, mtindi ubaki "fermented milk", au "mtindi" wenyewe ukifuatiwa na maelezo.

Mkate wa jana, hewa ya chumba ambacho madirisha hayajafunguliwa na moshi wa sigara uliolala kwenye mapazia vyote ni "stale". Nguo na vitabu vilivyokaa kwenye kabati wakati wa masika, pwani ambako hata viatu huota ukungu, ni "musty". Ukungu wenyewe ukionekana kwa macho, andika "mouldy". Chumba chenye unyevu ukutani "smells damp". Mwenye nyumba za kupangisha ajue kwamba mpangaji akiandika "musty" anauliza juu ya paa na mabomba, wala hahitaji kupelekewa marashi.

Nyama, mayai na matunda yaliyooza ni "rotten". Neno "putrid" ni zito zaidi na linahusu nyama na miili, kwa hiyo ndizi iliyoiva kupita kiasi haistahili. Uvundo wenyewe, ule unaokufanya ugeuze shingo, ni "stench", ambayo ni nomino tu na haigeuki kuwa kitenzi. "Stink" ni nomino na kitenzi kwa pamoja, lakini ni ya mdomoni. Katika barua kwa mwenye nyumba au halmashauri andika "a foul smell" au "an unpleasant odour", na kama chanzo ni bomba la maji machafu, "a smell of drains" itamwambia fundi aanzie wapi. "Reek" ni kitenzi kinachotaka "of" na kinachobeba dharau: mtu "reeks of alcohol". "Whiff" ni kipimo kidogo, pumzi moja ya harufu iliyopita, iwe nzuri au mbaya.

Shombo inahitaji uangalifu wa pekee. Kwetu samaki mbichi aliyevuliwa alfajiri ana shombo, mikono ya aliyempara ina shombo, na hakuna anayesema kwamba samaki huyo ameharibika. Kiingereza kinalo neno "fishy", lakini kwa mnunuzi wa Kizungu samaki "fishy" ni samaki aliyekaa, kwa sababu samaki mpya anatarajiwa kunukia bahari tu. Zaidi ya hayo, "fishy" ina maana ya jambo lenye mashaka, hivyo hoteli inayotangaza "our fishy menu" imejishtaki. Kwa mikono andika "My hands smell of fish." Harufu ya samaki aliyekaa inatokana kwa sehemu kubwa na trimethilamini inayozidi kadiri samaki anavyokaa, na asidi ya ndimu huituliza, mama zetu walijua dawa hiyo kabla ya kuijua kemia yake.

Kikwapa ni "body odour", na hakitajwi mbele ya mwenyewe. Harufu ya kinywa ni "bad breath". Wengi wetu huandika "mouth odour", ambayo inaeleweka Afrika lakini humfanya Mwingereza asite kidogo.

Dalili: "kali" imetafsiriwa kwa neno moja kila mahali

Pilipili ni kali, mbwa ni mkali, jua ni kali, mwalimu ni mkali, na harufu nayo ni kali. Hapa ndipo nimekutana na "hot smell" na hata "fierce smell". Neno "strong" linatosha pote, lakini ukitaka kuwa mahsusi, angalia harufu inakugusa wapi. Inayochoma koo na macho kwa sababu kitu kinaungua, kama plastiki au tairi, ni "acrid". Inayopenya puani kwa ghafla, kama siki, ni "sharp". Vitunguu saumu, tangawizi, jibini iliyokomaa na amonia ni "pungent", nalo si tusi. Mpishi anaweza kulitumia kusifia achari yake. Manukato aliyojimwagia mtu ndani ya daladala, ambayo kila kiungo chake ni kizuri ila yamezidi, ni "overpowering".

Dalili: maelezo hayana kosa wala uhai

"A very nice smell" haimwambii msomaji kitu, na kuongeza "very" ya pili hakusaidii. Lawama hapa si ya mwandishi peke yake, kwa kuwa Kiingereza chenyewe kina upungufu. Mwaka 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha matokeo ya kulinganisha wasemaji wa Kiingereza na Wajahai, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa rasi ya Malay. Walipopewa harufu zilezile, Wajahai walijibu kwa maneno mafupi ambayo lugha yao imeyatenga kwa ajili ya aina za harufu, na walikubaliana. Wasemaji wa Kiingereza walizunguka kwa maelezo marefu, kila mmoja na lake.

Kwa hiyo tiba ni ileile wanayoitumia Waingereza wenyewe, yaani kutaja chanzo. Duara la ladha la wataalamu wa kahawa, lililotolewa Marekani mwaka 1995 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016, limejaa majina ya vitu: asumini, karafuu, mdalasini, na upande wa kasoro mpira na karatasi ngumu ya boksi. Kasoro inayojulikana sana ya kahawa ya Rwanda na Burundi nayo imepewa jina la kiazi, kwa kuwa kikombe kilichoathirika hunuka kiazi kibichi kilichomenywa. Usiogope basi kuandika kwamba chumba "smells of cloves and sun-dried mats", kwani msomaji atakiona.

Uwe makini tu na majina yenyewe. Karafuu ni "cloves", kwa wingi. Ukiandika "a clove" peke yake, mpishi wa Kizungu atafikiria punje ya kitunguu saumu. Ubani ni "frankincense", udi ni "oud" au "agarwood". Ukiandika "incense" bila maelezo, mgeni atatazamia vijiti vyembamba vya kuwashwa, atashangaa kuona chetezo na makaa, na udi uliopikwa nyumbani kwa sukari na marashi hataujua kabisa. Andika jina la Kiswahili, kisha useme kwa maneno machache kinachochomwa ni nini na juu ya nini. Kikuba nacho, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake wa pwani, hakina neno la Kiingereza, na hakina sababu ya kutafutiwa.

Pale ambapo kosa linaweza kudhuru

Gesi ya kupikia karibu haina harufu yake. Hutiwa kemikali ya jamii ya mekaptani ili uvujaji ujulikane kwa pua. Ukipiga simu ya dharura ughaibuni, "There is a bad smell in my kitchen" itakuletea maswali mengi. Sema "I can smell gas", na ukiwa Marekani, ambako "gas" ni petroli pia, ongeza kwamba ni "cooking gas". Kama ni kitu kinachoungua na hukioni, "I can smell burning" ni sentensi kamili na haihitaji nomino nyingine.

Hospitalini kuna mfano mzito zaidi. Mgonjwa wa kisukari ambaye mwili wake umeanza kutengeneza asetoni kwa wingi huwa na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva, au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ndugu anayemwambia daktari "bad breath" anampeleka kwenye meno na fizi. Anayesema "her breath smells fruity, like nail polish remover" ametaja dalili ambayo daktari amefundishwa kuiharakia.

Wenye mzio nao wasome vibandiko vya sabuni na losheni kwa makini. "Fragrance-free" maana yake ni kwamba hakikutiwa manukato, wakati "unscented" yaweza kuwa na kemikali iliyotiwa ili kufunika harufu ya asili ya bidhaa, na ngozi inayowasha haijali kwamba pua haikusikia kitu.

Swali ninaloulizwa kila vuli zinapokaribia ni jina la ile harufu inayoinuka ardhini mvua inapogusa udongo mkavu. Jina lipo. Ni "petrichor", lililobuniwa na watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964, kutokana na maneno ya Kigiriki. Linafaa kwenye makala ya sayansi. Kwenye kipeperushi cha wageni huwa nalifuta, kwa sababu nusu ya wasomaji watalitafuta kwenye kamusi, na badala yake naandika "the smell of the first rain on dry ground".